Iliki Katika Jiko la Mkulima

Siku moja tulizuru skimu moja huko Nyandarua, ambako wakulima walianza kugawiwa mashamba katika miaka ya 1960. Tulikaribishwa chai katika nyumba ya mkulima mwenye ng'ombe wanne wa maziwa. Maziwa yalikuwa mazito na safi, majani ya chai yalikuwa ya kutosha, na mama wa nyumba alitueleza kwamba ametia vijiko viwili vizima vya iliki kwa ajili ya wageni. Tulikunywa tukashukuru. Lakini harufu ya iliki haikuwamo hata kidogo.

Mama mwenyewe alilijua jambo hilo. Alisema, "Nafikiri iliki ni mambo ya watu wa pwani. Mimi natia kila siku, pesa zinakwisha, na chai ni ile ile." Tulimwomba atuonyeshe iliki yake. Akaleta kijifuko chenye unga wa rangi ya majivu. Tuliunusa, tukasikia harufu ya vumbi la stoo. Basi kosa halikuwa katika mkono wa mpishi. Alikuwa ameuziwa unga uliokwisha kufa, tena kwa bei ya iliki nzuri.

Jambo hili huwapata wengi, nalo si dogo, kwa kuwa iliki si kitu rahisi. Kwa uzito wake, katika viungo vyote vya jikoni, kwa kawaida ni zafarani na vanila tu zinazoizidi bei. Mtu akinunua chumvi mbaya hasara yake ni ndogo. Akinunua iliki mbaya, ametupa pesa ambazo zingenunua sukari ya siku kadhaa. Kwa hiyo yafaa kila nyumba ijue iliki ni kitu gani, harufu yake inakaa wapi, na inatoroka kwa njia gani.

MMEA WENYEWE

Iliki ni jamaa ya tangawizi na manjano. Mashina yake ni marefu kama matete, na matunda huzaliwa chini kabisa karibu na udongo, katika vikonyo vinavyotambaa. Asili yake ni milima ya kusini mwa India, mahali pa mvua nyingi na kivuli cha msitu. Kutoka huko ilisafirishwa kwa vyombo vya baharini mpaka Arabuni na pwani yetu, na ndiyo sababu watu wa Lamu na Mombasa waliizoea zamani sana kabla ya watu wa bara. Siku hizi nchi inayouza iliki nyingi kabisa ni Guatemala, katika Amerika ya Kati, ambako mmea huu ulipelekwa mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wa huko wenyewe hawaitumii sana. Sehemu kubwa hununuliwa na Waarabu, ambao hawapiki kahawa ya wageni bila iliki.

Tunajua kwamba mkulima akisikia habari ya zao lenye bei namna hii, mara moja atauliza, "Je, mimi siwezi kuipanda?" Tujibu upesi. Iliki hutaka mvua ya milimita 1,500 au zaidi kwa mwaka, tena iliyoenea katika miezi mingi. Hutaka kivuli, na udongo wenye mboji nyingi ambao hautuamishi maji. Haivumilii jalidi, yaani ile baridi ya usiku inayounguza majani ya viazi huko Kinangop. Hata mahali panapoifaa, mkulima hungoja karibu miaka mitatu kabla ya kuchuma. Katika milima ya Usambara Mashariki, nchini Tanzania, wakulima wengi waliipanda chini ya miti ya msitu. Walifyeka vichaka na kupunguza miti ili ipate nafasi, na mavuno yalipopungua baada ya miaka kadhaa, mahali pengi paligeuzwa kuwa mashamba ya mazao mengine. Msitu uliumia. Basi, kwa mkulima wa skimu, kwa maoni yetu, ni afadhali shamba libaki na nyasi za ng'ombe na viazi, na iliki inunuliwe dukani. Lakini inunuliwe kwa macho na kwa pua.

HARUFU INAKAA WAPI

Chukua punje moja ya iliki uipasue kwa kucha. Utaona kwamba ni ganda jepesi lenye pande tatu, na ndani mna vyumba vitatu vilivyojaa mbegu ndogo nyeusi au za hudhurungi, zinazonata kidogo. Katika punje nzuri mbegu hupata 15 au hata 20. Harufu yote ya maana imo katika mbegu hizo. Ganda lenyewe lina harufu kidogo tu, ingawa ni robo hadi theluthi ya uzito unaoulipia.

Ndani ya mbegu mna mafuta mepesi sana. Si mafuta kama ya kupikia, ambayo ukiyamwaga mezani yatakaa hapo mpaka kesho. Haya huruka hewani kama petroli. Maadamu mbegu ni nzima na imo ndani ya ganda lake, mafuta hayana njia ya kutoka. Ukiitwanga, umefungua mlango. Unga uliotwangwa leo una nguvu leo. Baada ya wiki kadhaa umepungua sana, na baada ya miezi katika kijifuko kilichoning'inizwa mbele ya duka, juani, hauna kitu tena. Mwenye duka huenda asijue kwamba anauza vumbi. Wako pia wanaotwanga ganda pamoja na mbegu ili uzito uongezeke. Unga wa namna hiyo huwa na rangi ya kijivu iliyopauka, na ukiusugua vidoleni utasikia nyuzinyuzi.

Kama huamini, fanya jaribio dogo. Chemsha maziwa, uyagawe katika vikombe viwili. Katika kimoja tia mbegu za punje moja ulizozitwanga sasa hivi. Katika kingine tia unga wa dukani kiasi hicho hicho. Funika kwa visahani, hesabu dakika tano, kisha ufunue unuse. Waite na watoto wanuse. Baada ya siku hiyo hakuna atakayekutuma dukani kununua unga.

Kwa hiyo nunua punje nzima. Tafuta za kijani, zilizofumba vizuri, na nzito mkononi kwa ukubwa wake. Tikisa chache karibu na sikio: zikilia sana kama kayamba, mbegu zimekauka mno au ni chache. Mwombe mwenye duka ruhusa upasue moja. Mwuzaji mwaminifu hatakataa. Mbegu zikiwa za rangi ya majani makavu na hazinati, usinunue. Punje nyeupe zimepaushwa, nazo kwa kawaida harufu yake ni hafifu kuliko ya kijani. Tena kuna iliki kubwa nyeusi yenye harufu ya moshi. Hiyo ni mmea mwingine, hufaa mchuzi wa nyama, lakini katika chai itakufanya ufikiri sufuria imeungua.

KUIWEKA

Usinunue nyingi kwa sababu tu bei imeshuka. Gramu 50 za punje nzima ni nyingi kwa nyumba ya watu sita kwa muda wa wiki nyingi. Ziweke katika chupa au mkebe wenye kifuniko cha kukaza, mahali pakavu penye giza. Watu wengi huweka viungo katika kibao kilicho juu ya jiko, maana ndipo mkono unapofika upesi. Hapo ndipo pabaya kabisa, kwa sababu joto hufukuza mafuta na mvuke huleta ukungu. Punje nzima zikiwekwa vizuri hukaa hata mwaka mmoja.

Jambo jingine ni la hatari. Katika nyumba nyingi za skimu stoo ni moja tu, na humo mna mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kunyunyizia viazi, na pengine sabuni. Viungo vya chakula visiwekwe humo hata siku moja, na wala usitumie chupa iliyowahi kutiwa dawa, hata ukiiosha mara kumi. Iliki hunywa harufu ya jirani yake upesi, lakini harufu si kitu. Sumu ndiyo inayoua.

KUITWANGA

Kinu kidogo na mchi vyatosha. Kama huna, tumia kikombe cha chuma na kitako cha chupa nzito. Pasua maganda, toa mbegu, uzitie kinuni pamoja na kijiko kimoja cha sukari kutoka katika ile sukari utakayoipikia. Sukari ina chembe kali, nazo husaidia kusaga mbegu zinazonata, tena hunyonya yale mafuta yasipotee kwenye kinu. Twanga kwa ajili ya chakula cha leo tu.

Maganda usiyatupe. Yatie katika mkebe wa majani ya chai au wa sukari, uufunge. Baada ya siku chache majani yatakuwa na harufu kidogo bila gharama yoyote. Mama mmoja wa Mpeketoni, mzaliwa wa bara aliyejifunza mapishi haya kwa majirani zake wa pwani, alituambia kwamba yeye huyachemsha maganda katika chai ya asubuhi na kuziweka mbegu kwa mahamri ya kuuza. Tunaona ni hesabu nzuri.

CHAI YA MAZIWA

Hapa mkulima mwenye ng'ombe ana bahati kuliko mtu wa mjini. Mafuta ya iliki hayachanganyiki vizuri na maji matupu, lakini hushikana na mafuta ya maziwa. Maziwa yenye malai yake yote hushika harufu vizuri kuliko yaliyoenguliwa.

Kwa vikombe vinne, tia vikombe viwili vya maji baridi katika sufuria. Ponda punje tatu au nne pamoja na maganda yake, si mpaka ziwe unga bali mpaka zivunjike, uzitie katika maji hayo. Funika, maana harufu hupanda na mvuke. Yakichemka, punguza moto uache dakika tano. Tia majani ya chai vijiko viwili vidogo, kisha vikombe viwili vya maziwa. Sasa funua, ukae karibu, maana maziwa yakifura hayangoji mtu. Yaache yachemke kweli kweli. Maziwa mabichi huweza kubeba ugonjwa kutoka kwa ng'ombe, na iliki haizuii ugonjwa. Chuja, tia sukari.

Wengine hupenda kuongeza tangawizi. Ni vizuri, lakini tangawizi mbichi iliyosagwa ikitiwa katika maziwa ya moto huyakata, yakawa kama mtindi. Ichemshe kwanza katika maji pamoja na iliki kwa hizo dakika tano, ndipo utie maziwa, wala hayatakatika.

Neno moja kuhusu maziwa yenyewe. Tumewaona watu wakitia iliki nyingi ili kuficha harufu ya debe chafu au ya maziwa yaliyoanza kugeuka. Haifichi. Hutoa harufu mbili badala ya moja. Dawa ya debe chafu ni maji ya moto na brashi.

MAHAMRI

Chakula hiki ndicho kinachoharibiwa zaidi kwa unga mbaya. Vikundi vya akina mama vinavyouza mahamri sokoni vinajua kwamba mnunuzi hunusa kabla ya kuonja. Akipita bila kusikia harufu, haoni tofauti kati ya hamri lako na andazi la jirani, naye atanunua la bei ndogo.

Pima vikombe vinne vya unga wa ngano, yaani kama nusu kilo. Tia nusu kikombe cha sukari, hamira kavu vijiko viwili vya chai, na mbegu za punje kumi za iliki zilizotwangwa. Changanya vikavu kwanza ili iliki ienee kote. Kisha tia tui zito la nazi lililo vuguvugu, kidogo kidogo, mpaka unga ushikane. Hutumia kikombe kimoja na robo hivi, kwa kadiri ya unga wenyewe. Mahali pasipo nazi tumia maziwa na kijiko kimoja kikubwa cha siagi au samli. Mtu wa Lamu atasema hayo si mahamri, naye ana haki yake, lakini watoto watayala.

Kanda kwa nguvu dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka donge liwe laini na lisishike mikono. Wengi huacha mapema, na mahamri yao hutoka magumu, kisha wailaumu hamira. Funika kwa kitambaa kilicholowa kidogo, uache mpaka donge liongezeke mara mbili. Pwani ni kama saa moja. Huko Ol Kalou asubuhi ya baridi huenda ikawa saa mbili au tatu. Weka bakuli karibu na jiko, lakini si juu yake, maana moto mwingi huua hamira.

Gawa donge mafungu sita. Sukuma kila fungu liwe duara lenye unene wa nusu sentimita, ulikate vipande vinne, kisha uviache vipumzike dakika kama kumi na tano. Tia mafuta ya kutosha katika karai. Yajaribu kwa kipande kidogo: kikizama na kubaki chini, mafuta bado, kikipanda upesi na kutoa mapovu, tayari, kikiwa cheusi mara moja, ondoa kuni. Tia vipande vichache kwa mara moja, uvimwagie mafuta ya moto juu kwa upawa mpaka vivimbe, halafu ugeuze. Rangi iwe ya hudhurungi. Hupata mahamri 24.

Kikundi kinachopika kwa kuuza kihesabu iliki kwa punje, kisihesabu kwa kijiko. Kijiko cha leo na kijiko cha kesho havilingani, lakini punje kumi kwa nusu kilo ni punje kumi siku zote, na mweka hazina ataweza kujua hamri moja limetumia kiasi gani. Msizidishe pia. Iliki ikipita kiasi huwa kali na chungu, ladha yake ikafanana na dawa ya kikohozi.

WALI, NA MABOGA

Katika pilau iliki huingia nzima. Kwa nusu kilo ya mchele, punje tano au sita zilizogongwa kidogo zatosha, zikaangwe katika mafuta pamoja na vitunguu, mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari nyembamba kabla ya kutia nyama na maji. Mafuta ya kukaangia huichukua harufu na kuipeleka katika kila punje ya wali. Waonye wageni kwamba maganda yamo, wasiyatafune.

Lakini chakula tunachotaka kila nyumba ya skimu ijaribu ni maboga, kwa sababu maboga yamejaa mashambani na watu huyachemsha tu kwa maji, watoto wakayachoka. Pwani, maboga, ndizi mbivu na viazi vitamu hupikwa kwa tui, sukari na iliki, na hupendwa sana jioni za Ramadhani wakati wa kufuturu.

Chukua boga la kilo moja, limenye, ulikate vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Vipange katika sufuria, tia maji kikombe kimoja na chumvi kidogo sana, ufunike mpaka viive nusu. Mwaga maji yaliyobaki. Tia tui zito vikombe viwili na sukari vijiko vitatu vikubwa. Kama huna nazi, maziwa yenye malai yanafaa. Chemsha kwa moto mdogo bila kufunika, ukitikisa sufuria badala ya kukoroga, maana mwiko utavunja vipande. Tui likianza kuwa zito na boga limelainika, tia mbegu za punje nne za iliki ulizozitwanga wakati huo huo. Hapa iliki hutiwa mwisho, kwa kuwa sufuria iko wazi na ungeitia mapema harufu yote ingeishia darini. Acha dakika mbili tu, epua, funika.

Wengine husema chakula chenye iliki ni dawa ya tumbo la mtoto. Sisi tunasema mtoto ale boga kwa sababu ni chakula kizuri, na akiumwa tumbo apelekwe zahanati.

Yule mama wa Nyandarua tulimwachia punje chache tulizokuwa nazo. Tuliporudi baada ya mwezi alituletea bakuli la maboga, akatuomba tukisie ametia punje ngapi. Tulisema nane. Alikuwa ametia tatu.